Spini Zisizoganda: Istilahi na Maana Yake

Mwalimu wa Kasulu au Kibondo, ambaye wanafunzi wake wengi huanza na Kiha nyumbani kabla ya kukizoea Kiswahili shuleni, hana budi kupewa istilahi isiyopotosha. Tutazame "kiowevu cha spini cha kwanta". Asomaye kwa haraka atadhani ni kitu cha kumiminwa kikombeni; kumbe ni fuwele ngumu kama jiwe.

Spini ni usumaku mdogo wa asili ulio katika elektroni. Yafaa neno hili litoholewe, kwa kuwa "mzunguko" hudokeza kijitufe kinachozunguka kama pia. Katika sumaku ya kawaida spini hujipanga baridi izidipo, mithili ya maji yagandapo. Mwaka 1973 P. W. Anderson alitoa wazo kwamba katika fuwele fulani spini zaweza zisijipange hata kwenye baridi kuu. Basi kiowevu ni spini, si jiwe.

Uga, ambao nyumbani ni uwanja ulio mbele ya nyumba, katika fizikia ni eneo ambamo nguvu hutenda kazi. Uga wa sumaku huzishika spini moja kwa moja: katika kloridi ya rutheni, uga wa tesla 7 hadi 8 hivi huvunja mpangilio wake, ingawa wataalamu wangali wakijadili kama kinachobaki ni kiowevu halisi. Uga wa umeme huzifikia kupitia chaji za elektroni.

Kwa hiyo mfasiri asifupishe akaandika "kiowevu" peke yake. Neno "spini" ndilo libebalo maana.