Kabla Hujanunua Hita

Anayedhani kwamba nchi iliyopitiwa na ikweta haina baridi, na aje Nairobi mwezi wa Julai, au apande Limuru, akashone nguo katika kibanda cha mabati saa moja asubuhi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vyumba vyetu vya kazi havikujengwa kwa kuifikiria baridi. Dari hakuna, mlango una mwanya, sakafu ni saruji tupu. Vidole vikishakufa ganzi, hata sindano haishikiki.

Ndipo watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Wengi huamini kwamba makaa yakishakolea na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Si kweli hata kidogo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na mwishowe hana nguvu ya kuufikia mlango. Hita ya stima haitoi gesi hiyo, na kwa sababu hiyo peke yake ningemshauri mwenye stima aache jiko nje.

Lakini hita gani? Muuzaji atakuonyesha moja na kukuapia kwamba inakula stima kidogo na kutoa joto jingi kuliko zote. Usimsadiki. Stima yote inayoingia katika hita hugeuka kuwa joto. Hita ya wati 2,000 ya bei ghali na ile ya wati 2,000 ya bei rahisi hutoa joto sawasawa, na zote mbili humaliza uniti mbili kwa saa. Kinachotofautiana ni namna joto hilo linavyokufikia.

Jiulize kwanza: nataka kupasha chumba, au nataka kujipasha mimi? Mafundi hukadiria wati 100 hivi kwa kila mita moja ya mraba, kwa chumba chenye dari na mlango unaofungika. Chumba cha mita tatu kwa nne, basi, kingehitaji wati 1,200. Katika kibanda cha mabati hesabu hiyo haina maana, kwa kuwa joto hupanda juu na kutokea kwenye mianya. Hapo utakuwa unawapasha njiwa walio juu ya paa. Karani anayekaa mahali pamoja katika chumba kama hicho anafaidi zaidi hita ya fito zinazowaka nyekundu, kwa sababu miale yake hukupiga mwilini moja kwa moja, kama jua, bila kungoja hewa ipate moto. Ya wati 400 ikiwekwa karibu na miguu yatosha. Kwa saa nane itatumia uniti 3.2, hali ile ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo itatumia 16. Zidisha kwa bei ya tokeni zako, utapata jibu.

Fundi wa nguo, hata hivyo, asiinunue hiyo. Kitambaa kikiangukia fito hizo, moto hauchelewi. Yeye namshauri achukue ile ya mafuta, yenye mapezi ya chuma. Haina moto ulio wazi. Mafuta yamefungwa ndani wala hayaongezwi. Huchelewa kupata joto, lakini hukaa nalo baada ya kuzimwa. Hata hiyo isianikwe nguo. Hita ya feni hupasha chumba kidogo upesi, ila ina kelele, na huvuta vumbi. Kwa seremala mwenye unga wa mbao na vanishi, au makanika mwenye petroli, feni na fito zote mbili sizitaki hata kuzisikia.

Soma pia kibandiko kilicho nyuma ya hita, hasa ukinunua ya mtumba. Iliyotengenezewa Marekani huwa ya volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 240 zetu itaungua. Tafuta iliyo na swichi ya kujizima yenyewe inapoanguka.

Halafu kuna jambo la waya, ambalo watu hulipuuza. Soketi ya ampea 13 hubeba wati 3,120, si zaidi. Hita ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye eksitensheni moja tayari zimepita kiasi, na eksitensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usioweza hata hicho kiasi. Chomeka hita ukutani, peke yake. Baada ya nusu saa gusa plagi na waya. Vikiwa vya moto, zima, umwite fundi. Na ile desturi ya kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie, tafadhali iache. Hita yenye mwili wa chuma yahitaji waya wa tatu, unaopeleka umeme ardhini hitilafu inapotokea. Jioni ukifunga kazi, chomoa plagi yenyewe, usiiachie swichi ya hita.