Kabla Hujamwambia Mteja "Ijumaa Unapata Mzigo Wako"

Swali linalojirudia sana inboksi ni hili: "Nimwambie mteja mzigo utafika lini?" Mimi nauza mtandaoni kahawa ya Mbinga iliyokaangwa na usipa mkavu wa Mbamba Bay, na namna yangu ya kuhesabu nimeitoa mbali kidogo: kwenye viwanda vya ndege.

Huko kuna mtu anaitwa mpangaji wa uzalishaji. Hashiki spana. Kazi yake ni kuhakikisha kila kipande kipo kwa fundi siku kinapohitajika. Boeing 787, ile ambayo Air Tanzania walipokea ya kwanza mwaka 2018, ina vipande kama milioni 2.3. Ilipoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza, tarehe 8 Julai 2007, nje iling'aa lakini ndani ilikuwa karibu tupu, na sehemu nyingine zilishikizwa kwa vifungo vya muda. Matatizo yalikuwa mengi, ila mojawapo lilikuwa uhaba wa vifungo vyenyewe, jamii ya bolti. Ilitarajiwa kuruka mwaka huohuo. Ikaruka tarehe 15 Desemba 2009. Bolti bana!

Ndiyo maana mpangaji anaanzia siku ya kukabidhi, halafu anahesabu kurudi nyuma.

Chukua oda ya mteja wa Dodoma: pakiti 50 za kahawa na kilo 20 za usipa, anataka Ijumaa. Safari naipa siku mbili pamoja na dharura, kwa hiyo mzigo uwe stendi Jumatano alfajiri. Jumanne nafungasha. Kahawa iwe imekaangwa Jumapili, maana ikitoka kikaangoni inaendelea kutoa hewa. Ukiiziba hapohapo pakiti inavimba kama puto. Mifuko na lebo zinatoka Dar, nahesabu siku 10. Umeona? Kahawa ipo hapa hapa Mbinga, lakini anayeamua ahadi yangu ni mfuko. Hiyo ndiyo bolti yangu.

Usipa nao wana kalenda yao, yaani mwezi. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri. Bado kuanika: jua likiwa kali kazi inaisha haraka, ila mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi, unaweza kugeuza usipa kichanjani siku ya tatu na bado wananata. Kwa hiyo oda ikiangukia wiki ya mwezi mpevu, nanunua kwenye giza lililotangulia au nampa mteja tarehe nyingine siku ileile anapoagiza. Siyo Alhamisi jioni.

Kuna wanaosema suluhisho ni kurundika kila kitu stoo. Sikubaliani nao, mtaji utalala. Akiba iwe ya kitu cha bei ndogo, kisichoharibika, kinachochelewa kufika. Kwangu ni mifuko: naweka 200, ikibaki 80 naagiza mingine, kwa sababu ndani ya siku 10 huwa naitumia kama 60. Kahawa natunza ikiwa na ganda lake, nakaanga oda ikija. Usipa sirundiki kabisa.

Siku hizi mteja akiuliza, namjibu hivi: "Dada, kahawa unapata tarehe 9. Usipa wanafuata tarehe 14, mwezi ukishapungua." Wengi wanakubali, na wengine wanalipia nauli mbili bila kununa.