Gari Linapolala: Maelezo Kuhusu Springi za Mafuta na Gesi

Katika njia nyembamba za Makadara, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, nafasi ya kuegesha gari ni haba. Dereva mara nyingi hulazimika kusogeza pua ya gari juu ya ukingo wa njia, au karibu mno na baraza ya mtu. Kwa gari la springi za chuma hilo halina madhara. Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, huachwa jioni likakutwa asubuhi katika kimo kile kile. Citroën za zamani, kama vile DS, CX na BX, zina tabia nyingine: huachwa zimesimama, zikakutwa zimelala. Bampa iliyokuwa juu ya ukingo sasa imeukalia.

Asiyejua hudhani gari limeharibika. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini si lazima iwe hivyo, na kuonyesha kwamba Kiswahili, ambacho wapo wasomi wanaokitilia shaka kila inapotajwa mashine, kina maneno ya kutosha kuieleza hali hiyo.

Mfumo huu ulibuniwa na Mfaransa Paul Magès, na ulionekana kwa ukamilifu wake katika DS iliyozinduliwa Paris mwaka 1955. Kila gurudumu lina tufe la chuma lililogawanywa ndani kwa utando wa mpira. Upande mmoja wa utando umefungiwa gesi ya naitrojeni; upande wa pili huingia mafuta yanayosukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Gesi hubonyea na kurudi. Hiyo ndiyo springi. Mafuta nayo hupita katika tundu jembamba, na kupita huko kwa taabu ndiko kunakotuliza mrusho. Kisha kuna vali za kimo, moja mbele na moja nyuma. Bodi ikishuka kwa uzito wa abiria, vali hufungulia mafuta yaingie hadi kimo kirejee. Bodi ikipanda, huyaachia yarudi tangini.

Safari inapokwisha na abiria kuteremka, gari huinuka kidogo kwa kupunguziwa mzigo, kisha vali humwaga mafuta na gari hujirudisha chini. Kinachofuata huja taratibu. Injini imezimwa, pampu imenyamaza. Ndani ya vali, chuma huteleza ndani ya chuma bila mpira wa kuziba, kwa hiyo mafuta hupenya kidogo kidogo kuelekea tangini. Baada ya saa kadhaa gari hulala, kama jahazi linavyokalia mchanga maji yakipwa. Injini ikiwashwa maji hujaa tena: aghalabu nyuma huinuka kwanza, mbele ikafuata.

Hapa uteuzi wa kitenzi huwa na uzito. Gari "lililolala" baada ya usiku mzima lina tabia yake tu. Gari "linaloanguka" dakika chache baada ya kuzimwa lina ugonjwa: vali imechakaa au kuna mahali panapovuja. Gari "lililoinama" upande wa mbele peke yake huelekeza macho ya fundi kwenye vali ya mbele. Na gari "lililokakamaa", ambalo kimo chake ni sawa lakini hugonga katika kila shimo, mafuta yake hayana kosa. Naitrojeni ndiyo iliyopenya utando kwa miaka mingi ikatoweka. Kimo ni kazi ya mafuta, ulaini ni kazi ya gesi. Mwenye gari anayesema tu kwamba gari ni bovu humwacha fundi abahatishe, na kubahatisha huko hulipiwa. (Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mfano wa visawe visivyobadilishana nafasi asiende mbali.)

Kuna jambo la hatari zaidi. Gari lililoinuliwa kwa mafuta pekee haliaminiki hata kidogo. Mtu asijipenyeze uvunguni kabla bodi yenyewe haijabebwa na stendi za chuma, kwa kuwa kushuka kunaweza kuja bila kishindo wala onyo. Aidha, breki za Citroën hizo hutumia mgandamizo wa mafuta yale yale, ambayo katika CX na BX ni ya kijani. Anayejazia mafuta ya kawaida ya breki huharibu mipira ya mfumo mzima, breki zikiwemo.

Citroën yenyewe ilipunguza tabia ya kulala katikati ya miaka ya 1990, ilipotia katika Xantia vali zinazofunga njia ya mafuta injini inapozimwa. Mfumo ulikoma kutengenezwa pamoja na C5 mwaka 2017. Jamaa yake wa Kijapani hupatikana katika baadhi ya Toyota Land Cruiser za msururu wa 100, uliotoka mwaka 1998. Hizi zimebakiza springi za chuma kando ya mafuta na gesi, hivyo hazilali chini kabisa. Hata hivyo, gesi na mafuta yaliyopata moto safarini hupoa usiku na kusinyaa, na asubuhi gari huonekana limepungua kimo. Dereva akiwasha injini na kusubiri kidogo, pampu hulirudisha mahali pake.