Ijumaa moja katika kisiwa cha Tuti

Kabla kijana hajaondoka kwenda kusoma nje ya nchi, mzazi wake hupitia kwanza ofisi ya msikiti kutafuta tazkiya. Nikiwa katibu wa kamati, barua hizo hupita mikononi mwangu kila mwaka, na maswali ya wazazi nimekwisha kuyazoea: ada ni kiasi gani, bweni likoje, lugha ataiweza? Ni maswali ya haki. Lipo hata hivyo moja ambalo ni nadra kulisikia, nalo ni hili: siku isiyo na darsa, mwanangu atatembea na nani? Wapo hata wanaotaka kijana asitembee kabisa, atoke darasani aingie chumbani, kwa kuwa ametumwa elimu wala hakutumwa matembezi. Nawaelewa, nauli ya kijana mara nyingi imetokana na shamba lililouzwa. Lakini nimeishi ugenini miaka minne, na katika wenzetu walioacha masomo njiani, wachache mno walishindwa na vitabu. Wengi walishindwa na upweke.

Nilisoma Khartoum, nchini Sudan, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikiwapokea vijana wa Kiislamu kutoka pande zote za bara hili. Tulikuwa kundi la watu sita: Watanzania watatu, Mngazija, Mganda, na Mkenya wa Lamu ambaye hakuacha kutukumbusha kwamba Kiswahili chetu sote kilihitaji kurudishwa kwao kikafanyiwe matengenezo.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 mmoja wetu, kijana wa Ukerewe, alipigiwa simu alfajiri akaambiwa baba yake mzazi, mvuvi, amefariki dunia. Marehemu alizikwa siku ile ile baada ya adhuhuri. Nauli ya ndege haikuwepo, na hata ingekuwepo asingewahi. Tulimpa mkono wa taazia, tukasoma, tukaomba dua. Yeye hakulia. Aliendelea kuswali jamaa na kuhudhuria darsa kama kawaida, ila maneno yalimkauka kinywani, na sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula chake. Wiki ya tatu tuliiona mezani kwake fomu ya kuacha masomo, imejazwa nusu.

Hatukumhutubia. Tulichanga fedha kidogo tulizokuwa nazo, na Ijumaa iliyofuata tukamwambia kwamba tunakwenda kutembea kisiwani Tuti na yeye ndiye mbeba birika.

Februari ndio wakati mzuri Khartoum. Vumbi limetulia na asubuhi ina ubaridi unaomfanya mtu atafute koti. Tulipanda basi dogo hadi katikati ya jiji. Katika mabasi yale abiria hasemi “shusha”. Hualisha vidole na dereva akasimama. Mganda wetu, kwa mwaka mzima, vidole vyake vilikuwa havijatoa sauti hata mara moja, na siku ile alipitishwa kituo kwa mara nyingine, nasi sote pamoja naye, kwa sababu tuliamua kwa makusudi kutomsaidia.

Tuti ni kisiwa kilichokaa mahali penyewe pakutanapo Nili ya Buluu itokayo Ethiopia na Nili Nyeupe itokayo Ziwa Viktoria. Zamani kilifikiwa kwa pantoni. Sisi tulikuta daraja la kuning'inia lililojengwa miaka michache tu kabla, tukavuka kwa miguu. Ng'ambo ya pili kelele za jiji hukatika ghafla. Kuna mashamba ya mboga na miti ya ndimu, nyumba za udongo, na punda wanaokokota majani ya mifugo.

Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja mkulima, mwenye jalabiya nyeupe na kilemba kikubwa, alitukinga njiani. Aliyepata kuishi Sudan anajua kwamba hapo hakuna kukataa. Tuliketi chini ya mwembe, ikaletwa sinia: maharage ya ful yaliyomiminiwa mafuta ya ufuta, mchuzi wa bamia, na kisra, ule mkate wao wa mtama mwembamba kama karatasi. Kinywaji kilikuwa maji ya ubuyu. Mngazija alikunywa magilasi matatu kabla ya kuuliza ni kitu gani.

Mzee akawa anatuuliza mmoja mmoja habari za nyumbani na za wazazi. Ilipofika zamu ya mwenzetu, alijibu kwa neno moja tu, kwamba baba amefariki, na kwamba ni mwezi huu. Mzee aliweka chini kisu alichokuwa akikatia ndimu, akainua viganja vyote viwili na kusema, “Al-Fatiha.” Ndiyo taazia ya Wasudani. Sote tulisomeshwa fiqhi, na mjadala wa masheikh juu ya desturi hiyo tulikuwa tukiufahamu vizuri. Chini ya mwembe ule hakuna aliyeufungua. Tuliinua mikono. Mwenzetu akalia pale pale, kwa sauti, kama mtoto, na mzee akamshika bega mpaka alipotulia, kisha akamkatia ndimu na kumtilia chumvi.

Alasiri tulikwenda upande wa magharibi wa kisiwa, kuutazama mkutano wa mito. Maji ya Nili Nyeupe yana rangi ya maziwa yaliyoingia jivu; ya Buluu, msimu huo ambao si wa mafuriko, yana rangi ya kijani inayokaribia samawati. Mito hiyo hutembea ubavu kwa ubavu masafa kadhaa kabla ya kuchanganyika. Mganda akasema ndiyo bahari mbili zilizotajwa katika Surat al-Furqan. Mkenya akamjibu kwamba aya inataja maji matamu na maji ya chumvi, na haya yote ni matamu, basi asome tafsiri kabla ya kuleta ushahidi. Wakaanza kuvutana, kila mmoja akimtaja mufasiri wake.

Mwenzetu alikuwa ameinama anatawadha. Aliinua uso, maji yakimdondoka ndevuni, akasema, “Haya mnayoyagombania yametoka ziwani kwetu. Mngeniomba ruhusa kwanza.”

Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka kututazama. Na alikuwa amesema kweli. Maji yale yanatoka Jinja, yanapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, kisha yanaingia katika mabwawa ya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke. Yanayosalia ndiyo yanayofika Khartoum. Baada ya swala tulicheza mpira mchangani na watoto wa kisiwa, wakatufunga magoli saba.

Fomu ile haikukabidhiwa ofisini. Mwenzetu alihitimu, na leo ni mwalimu wa madrasa Mwanza. Mzazi akija ofisini kwangu, swali la nani atatembea na mwanawe humuuliza mimi mwenyewe kabla sijapiga muhuri.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum baina ya jeshi na kikosi cha RSF. Wanafunzi wetu wa Kitanzania walirejeshwa nyumbani mwezi ule ule, Alhamdulillahi. Tuti haikuwa na pa kukimbilia. Kisiwa chenye daraja moja kilizingirwa, chakula na dawa vikawa adimu, na wakazi wengi wakalazimika kuyahama mashamba yao. Mzee yule na mwenzetu walikuwa wakipigiana simu kila Idi, miaka kumi mfululizo. Idil-Adh-ha ya mwaka ule alipiga mara nne. Anapiga hadi leo, na namba haiiti.