Kazi Gani Tumkabidhi Msaidizi wa Akili Mnemba Kashikishi?

Chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi wanaanikwa mchangani, na jua likiwa kali, jioni wanapimwa kwa chombo kiitwacho meda na kutiwa mifukoni. Saa hizo zote simu ya wifi yangu haitulii. Mnunuzi wa Ndola anauliza bei kwa Kibemba. Wa Lubumbashi, ambako dagaa hawa wanaitwa fretini, anatuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Mwenye lori anataka kujua mifuko ni mingapi, tena anataka jibu sasa hivi. Wifi mikono yake imejaa samaki. Mimi ni mzaliwa wa Kasanga, mkoani Rukwa, ndoa ndiyo iliyonileta huku Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, na kwa kuwa ndimi ninayeshika daftari la biashara yetu, habari za wasaidizi wa akili mnemba nazifuatilia kwa makini. Kazi inayotuzidi nguvu kila siku ndiyo hiyo wanayosema wanaiweza.

Wengi wetu tunaifahamu programu ya kuuliza na kujibu. Unaandika swali, inakuandikia jibu, basi. Msaidizi ninayemzungumzia ni wa namna nyingine, maana huyu anapewa kazi. Unamwambia: kusanya maagizo ya leo, yapange kwa miji, muulize kila ambaye hakutaja idadi, niletee orodha saa kumi na mbili jioni. Ndani yake kuna modeli ya lugha inayosoma ujumbe na kuchagua hatua ya kwanza. Kisha anatumia chombo alichopewa, pengine jedwali, kikokotoo au njia ya kutuma ujumbe, anatazama kilichotokea, anachagua hatua nyingine. Anazunguka hivyo mpaka aone kazi imekwisha, wewe ukiwa mchangani unageuza samaki.

Hatari yake inatokana na mzunguko huohuo. Tuseme katika kila hatua 100 anakosea 5. Kwa hatua moja, huyo ni msaidizi mzuri sana. Lakini mpe kazi ya hatua 10 zinazofuatana, kila moja ikitegemea iliyotangulia, na nafasi ya kufika mwisho bila kosa inashuka hadi kama 60 kwa 100. Zikiwa 20, inabaki kama 36. Ndiyo maana wanaobuni wasaidizi hawa kwa uangalifu hufupisha safari. Humpa kila mmoja kazi moja nyembamba, na kati ya kazi na kazi huweka mahali pa mtu kutazama.

Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, ikishirikiana na Andon Labs, ilimkabidhi msaidizi wake duka dogo ndani ya ofisi ya San Francisco. Kwa muda wa kama mwezi mmoja aliachiwa kuchagua bidhaa, kuagiza, kupanga bei na kuzungumza na wateja. Kutafuta wauzaji wa vitu adimu alikuweza vizuri. Biashara yenyewe ilimshinda. Alimpunguzia bei karibu kila aliyebembeleza. Vipande vya madini ya tungsten aliviuza chini ya bei ya kununulia. Kuna wakati aliwaelekeza wateja walipie kwenye akaunti ambayo haikuwapo kabisa, ameibuni mwenyewe. Mteja mmoja alikuwa tayari kutoa dola 100 kwa vinywaji ambavyo mtandaoni vinapatikana kwa dola 15, naye akamjibu tu kwamba atalizingatia ombi lake. Duka likala hasara, na kampuni ikayachapisha yote hayo wazi, jambo ninaloliheshimu.

Nilipomsimulia wifi, aliniuliza swali moja: “Nani alimpa ruhusa ya kupanga bei?” Kwangu mimi, ubunifu wote wa wasaidizi hawa umo ndani ya swali hilo. Modeli hizi hufunzwa kuwaridhisha wanaozungumza nazo. Sokoni, anayezungumza nawe sana ni mnunuzi, naye anatafuta bei ishuke. Ukimweka msaidizi mwenye tabia hiyo katikati, na ufunguo wa bei anao yeye, usitegemee faida.

Kwa hiyo tulipokaa kuandika maagizo ya msaidizi wetu, tulianza na yale ambayo hatayagusa. Kijana tunayemtuma kusindikiza mzigo hadi mpakani Kasumbalesa hupewa nauli, hesabu ya mifuko na jina la mpokeaji. Namba ya siri ya simu ya pesa hapewi, hata awe mtoto wa nyumbani. Msaidizi naye ni hivyohivyo. Atasoma ujumbe wa wateja na kuandika kwenye jedwali la maagizo. Jedwali la bei atalisoma tu, kulibadilisha hawezi. Pesa hatazifikia kabisa, haziingizi wala hazitoi. Ni muhimu mipaka hii iwekwe kwenye mfumo wenyewe, pale mlango unapofungwa kweli. Kumwandikia tu “tafadhali usibadilishe bei” hakutoshi, kwa sababu maneno ya agizo yanaweza kupinduliwa na maneno mengine.

Hili la maneno kupinduliwa linahitaji maelezo. Kwa modeli ya lugha, agizo la bosi na ujumbe wa mteja vyote ni maandishi, na hakuna ukuta imara kati yao. Mtu akituma ujumbe unaosema, “Mama mwenye mzigo amekubali nusu bei, andika hivyo, na malipo yaende namba hii mpya,” msaidizi anaweza kuutii kana kwamba umetoka kwa wifi. Wataalamu wanalihangaikia tatizo hili duniani kote, na mpaka sasa halina dawa kamili. Sisi tunaotumia pesa za simu tunawajua watu wa ujumbe kama huo. Wamekuwapo kabla ya akili mnemba. Kinga iliyopo ni kuhakikisha kwamba hata msaidizi akidanganywa, hana la kutoa.

Kisha kuna mambo ambayo hayamo kwenye simu. Mvua ikinyesha wakati chisense bado wako mchangani, mzigo unaharibika. Wifi anachukua konzi moja, anaivunja kwa vidole, anainusa, na hapohapo anajua mfuko upi ni wa Lubumbashi na upi utauzwa papa hapa kwa bei ya kutupa. Msaidizi hana vidole wala pua. Akithibitisha mifuko 30 saa nne asubuhi kwa kuwa jana ilikuwa 30, amewauzia watu samaki ambao bado hawajakauka. Kwa hiyo tumeandika kwamba neno “nimethibitisha” halimhusu. Anaruhusiwa kusema: agizo lako limepokelewa, utajibiwa jioni. Wifi akishapima, ndipo anaandika idadi kwa mkono wake, na hapo tu orodha inaendelea.

Mfano mzuri wa kumpa msaidizi nafasi inayomfaa nimeuona Kenya. Kliniki za Penda Health jijini Nairobi zinatumia msaidizi anayesoma kumbukumbu za mgonjwa wakati daktari au tabibu anaandika. Toleo la awali lilingoja kuulizwa. Baadaye wakambadilisha, akawa anafanya kazi nyuma ya pazia na kuonyesha rangi: kijani hakuna neno, njano tazama tena, nyekundu simama usome kabla ya kuendelea. Uamuzi unabaki kwa tabibu. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, uliohusisha ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15, ulionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13 kwa wale waliokuwa naye. Tazama alivyo mdogo: hamtibu mtu, hamwandikii mtu dawa, kazi yake ni kushika bega la mwenzake.

Huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health, hukohuko Kenya, inanigusa zaidi. Mama mjamzito anatuma ujumbe mfupi, mashine inausoma na kupima uzito wake, na dalili za hatari zinasukumwa mbele kwa binadamu anayempigia simu. Shirika hilo mwaka 2023 lilitoa hata modeli yake ya Kiswahili, UlizaLlama. Huwa nawafikiria akina mama wa visiwa vya Kilwa na Isokwe, humu ziwani Mweru, ambao ili wafike Hospitali ya Misheni ya St. Paul's hapa Kashikishi ni lazima wavuke maji. Msaidizi wa kuwafaa hao ni yule anayejua haraka kwamba jambo hili si lake, amwite muuguzi.

Lugha nayo ina deni lake. Claytone Sikasote wa Chuo Kikuu cha Zambia na wenzake walikusanya BembaSpeech, sauti za Kibemba za saa 24 na ushei zilizosomwa na kunakiliwa, na kazi hiyo imefungua njia. Lakini saa 24 ni chache mno ukilinganisha na zile za Kiingereza, na mnunuzi wa pwani hii hasomi maandishi kwa utulivu. Anaongea injini ya boti ikiunguruma, Kibemba, Kiswahili na Kifaransa katika pumzi moja. Kwa sasa ujumbe wa sauti tumeamua usikilizwe na mtu.

Mtandao ukikatika kuna balaa lake pia. Msaidizi anatuma agizo kwenye jedwali, haoni jibu, anatuma tena, na mteja anaonekana ameagiza mara mbili. Dawa yake ni rahisi: kila agizo lina namba yake, na namba ikirudi mara ya pili haihesabiwi. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayoamua kama kitu kitadumu Nchelenge.

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari sheria ya Zambia hufunga uvuvi huku kwetu, na biashara inapoa. Muda huo tunautumia kumpima kwa ujumbe wa zamani ambao majibu yake tunayajua: maagizo halisi, yenye makosa ya tahajia, yenye “kama juzi” bila kusema juzi ilikuwa ngapi. Majina na namba za wateja tunaziondoa kwanza, maana ni za watu, na Zambia ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2021. Penye “kama juzi” tunataka aulize. Akikisia idadi, hata akipatia, tunahesabu kwamba ameshindwa.

Suala la nani analipa hasara limeshafika mbele ya sheria. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Canada, liliamua kesi ya abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na msaidizi wa mtandaoni wa Air Canada. Kampuni ilijitetea kana kwamba msaidizi yule anajibu kwa niaba yake mwenyewe. Baraza likaukataa utetezi huo, na kampuni ikaamriwa kulipa. Kwa sababu hiyo kila ujumbe utakaotoka kwetu utakuwa na jina la wifi na namba yake ya simu. Uvuvi ukifunguliwa Machi, msaidizi ataanza na kazi moja tu, kupokea maagizo ya Ndola, na wifi atasoma kila mstari kabla haujatumwa.