Picha moja baada ya nyingine: Jean-Michel Kibushi na sayansi ya kutembeza udongo

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbulu, upande wa Dongobesh. Watoto wa dada yangu walikuwa wamefinyanga ng'ombe kumi na moja kwa udongo wa mtoni, wenye pembe na nundu, mmoja ana hata kengele. Nikawaambia, "Hawa ng'ombe tunaweza kuwafanya watembee." Wakanicheka.

Tukaweka simu yangu juu ya debe, tukaifunga kwa mpira wa baiskeli isitikisike. Tukapiga picha, tukasogeza ng'ombe kidogo, tukapiga tena. Baada ya saa mbili tulikuwa na picha 96. Tulipozichezesha mfululizo, ng'ombe alitembea kwa sekunde 8, na mguu mmoja wa mbele ulidondoka akiwa njiani.

Yule mdogo akauliza, "Mjomba, sasa filamu nzima mtu anamaliza lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na ndani yake yumo mtu ambaye wengi wetu hatukumsikia shuleni: Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mtengenezaji wa filamu kutoka Kongo.

Kwanza, kwa nini ng'ombe wa udongo anatembea?

Aina hii ya katuni huitwa stopu-mosheni. Unachukua kitu halisi, kiwe mwanasesere, karatasi iliyokatwa au donge la udongo. Unakipiga picha, unakisogeza kidogo sana, unapiga tena. Kwenye filamu kila picha ni fremu moja. Sinema ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Watu wa stopu-mosheni mara nyingi hupiga picha 12 tu na kuonyesha kila moja mara mbili, na macho hayalalamiki.

Wengi tumefundishwa kwamba picha "inabaki" kwenye jicho kidogo, ndiyo maana tunaona mwendo. Maelezo hayo hayatoshi. Kama picha zingekuwa zinabaki tu, zingerundikana juu ya nyingine na tungeona ukungu. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba ukiwasha mstari mmoja, ukauzima, kisha haraka ukawasha mwingine pembeni yake, mtazamaji anaona mstari mmoja umehama. Hakuna kilichohama. Ni ubongo uliojaza pengo. Yaani sisi tulimsogeza ng'ombe, lakini aliyemtembeza ni ubongo wako.

Sasa piga hesabu. Picha 12 kwa sekunde ni picha 720 kwa dakika moja. Filamu ya dakika 10 ni picha 7,200. Ukiweza kupiga picha 100 kwa siku bila kuharibu hata moja, utatumia siku 72 kwa upigaji picha tu. Bado hujahesabu kufinyanga, kushona nguo za wanasesere, kurekodi sauti na kuhariri.

Kijana wa Lubefu

Kibushi alizaliwa mwaka 1957 Lubefu, eneo la Sankuru, katikati ya Kongo, nchi ya Watetela. Hakuanzia kwenye kamera. Alisomea sanaa za maigizo katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, Kinshasa. Katuni alijifunza baadaye, kwa wakufunzi wa Atelier Graphoui, karakana ya filamu za katuni ya Brussels, Ubelgiji.

Mwaka 1991 akatoa filamu fupi yenye jina la Kifaransa, *Le Crapaud chez ses beaux-parents*, yaani "Chura ukweni". Ni ngano ya Watetela, ya nyumbani kwake. Filamu hii hutajwa kuwa katuni ya kwanza kutengenezwa na Mkongo. Tuseme vizuri hapo: hadithi za Kongo zilikuwa zimeshachezeshwa kabla. Katika miaka ya 1950 mmisionari Mbelgiji, Padri Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza katuni za paa mjanja aitwaye Mboloko, ambaye ni wa masimulizi ya Wakongo wenyewe. Kilichobadilika mwaka 1991 ni mikono iliyoshika kamera. Safari hii ngano ilisimuliwa na mtu aliyekua nayo.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, wanajeshi waliochoshwa na mishahara duni waliasi Kinshasa, na mji ukaporwa. Ni filamu gani unaweza kutengeneza katika hali hiyo? Kibushi alitumia michoro ya watoto walioshuhudia yale mambo, na mwaka 1992 ikatoka *Kinshasa, septembre noir*, "Septemba nyeusi". Hapa ndo niliposimama kidogo nikafikiri. Katuni haihitaji uwe na kamera mahali tukio lilipotokea. Mtoto akikumbuka na akachora, ushahidi upo.

Baadaye akaja *Muana Mboka* mwaka 1999. Kwa Kilingala jina hilo ni "mtoto wa nchi", na kweli ni kisa cha mtoto wa mitaani wa Kinshasa. Kisha mwaka 2004 ikaja *Prince Loseno*, filamu ya wanasesere. Angalia miaka hiyo: kati ya filamu hizo mbili kuna miaka mitano. Ndiyo kasi ya kazi hii.

Studio yake aliiita Malembe Maa. Neno "malembe" kwa Kilingala ni "polepole". Na haikuwa studio ya kukaa mahali pamoja tu. Kibushi amejulikana pia kwa warsha, akiwafundisha watoto na vijana kutengeneza katuni zao wenyewe.

Hakuwa peke yake Afrika. Kule Niger, Moustapha Alassane (1942–2015) alitoa *La Mort de Gandji* mwaka 1965 na *Bon voyage, Sim* mwaka 1966. Hiyo ya pili inamhusu rais wa jamhuri ya vyura. Baadaye Alassane naye alifanya kazi na wanasesere. Vyura ukweni, vyura ikulu! Ukimvika chura koti, unaweza kusema mambo ambayo ukiyasema kwa sura ya mtu utaitwa ofisini kujieleza.

Makosa yetu ya Dongobesh

Turudi kwa ng'ombe wetu, kwa sababu makosa yake yote yana maelezo ya kisayansi.

Mguu ulidondoka kwa sababu udongo wa mfinyanzi una maji. Maji yakikauka, chembe za udongo zinakaribiana, udongo unasinyaa. Sehemu nyembamba kama mguu hukauka kabla ya tumbo, kwa hiyo moja linavuta na lingine halijawa tayari, na ufa unaanzia kwenye kiungo. Plastisini haina shida hiyo kwa kuwa imechanganywa na mafuta na nta badala ya maji. Kama huna, weka mifupa ya waya ndani ya kinyago chako, na kifunike kwa kitambaa kibichi kila mnapopumzika.

Picha zilikuwa zinameta-meta, mara mwanga mara giza. Hilo lilitokana na jua. Tulifanya kazi dirishani, na kwa saa mbili jua lilihama na mawingu yakapita. Wewe ulikuwa huoni tofauti, lakini ukibana saa mbili ziwe sekunde 8, kila wingu linakuwa radi. Funga dirisha, tumia taa moja isiyosogea. Na kwenye simu, zima mpangilio wa mwanga wa kujirekebisha wenyewe.

La mwisho, ng'ombe alitembea kama amesukumwa na upepo. Tulimsogeza kiasi kilekile kila mara. Mnyama mwenye uzito haanzi kwa kasi kamili wala hasimami ghafla. Msogeze kidogo mwanzoni, zaidi katikati, kidogo tena mwishoni. Mtazamaji atahisi uzito, hata kama kinyago kina gramu 200.

Kwa nini nimeandika haya

Jioni ile, bibi alikuwa amekaa karibu na moto akitutazama muda wote. Mwishowe akaanza kusimulia kwa Kiiraqw habari za fisi. Mimi nilielewa yote. Watoto walielewa nusu, wakawa wananiuliza kwa Kiswahili, "Amesemaje?" Hapo ndipo mzaha wa ng'ombe ulipokoma kuwa mzaha kwangu.

Kibushi hakuanza na hadithi kubwa ya dunia. Alianza na ngano ya kwao. Kompyuta kubwa tunaweza kuisubiri miaka kumi na bado isije. Bibi hatatusubiri miaka kumi.

Kwa hiyo, mpwa wangu, jibu lako ni hili: filamu nzima inamalizika picha ya 7,200 inapopigwa, na sisi tayari tuna 96. Siku iliyofuata tulirekodi sauti ya bibi kwa simu, dakika nne. Kwa hesabu yetu hizo ni picha 2,880. Fisi ameshafinyangwa, ana waya miguuni, na dirisha tumeliziba kwa blanketi.