Lori Kongwe Likizimika, Usikimbilie Pampu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini yako mawingu yapitayo yasinyeshe. Ndivyo yalivyo maradhi ya malori makongwe hapa kisiwani Mombasa. Lori limetoka Kilindini na mzigo wake. Kufika Makupa, kimya! Taniboi atafute jiwe la kuzuia gurudumu, na mpita njia wa kwanza atoe hukumu: "Pampu imekufa hiyo." Mwenye lori akilisikia neno hilo usingizi humpaa, maana bei ya pampu ya dizeli si bei ya ndizi.

Msomaji atauliza: injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, umeme unaingiaje? Ni kweli. Rudolf Diesel alipoifanikisha injini yake huko Ujerumani mwaka 1897, mafuta yaliwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Lakini miaka ilivyokwenda, pampu nyingi ziliwekewa kizibo kidogo cha umeme. Ukiwasha ufunguo, sumaku hukivuta kizibo, dizeli ikapita. Umeme ukikatika, kizibo hurudi mahali pake na injini huzimika. Basi waya mmoja ulioliwa na kutu waweza kulinyamazisha lori zima, na pampu ni nzima kabisa.

Fundi mwenye busara huanza kwa kuuliza kabla hajashika spana. Lori lilikohoa na kupungua nguvu kwanza? Huenda ni filta chafu, au hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta. Lilizimika ghafla? Hapo atautilia shaka umeme.

Kisha husikiliza. Ufunguo huwashwa bila kupiga stata, na kizibo hupaswa kutoa mlio mdogo: tak! Kikiwa kimya, huchukua taa ya kupimia, ncha moja kwenye bodi na ya pili kwenye waya ufikao kizibo. Taa isipowaka, huufuata waya ule kurudi nyuma, hadi kwenye fyuzi, hadi kwenye ufunguo. Ikiwaka, hukipelekea kizibo waya mwingine kutoka betri moja kwa moja. Kikilia, mgonjwa ni waya wa zamani. Kikibaki kimya, mgonjwa ni kizibo chenyewe. Nacho ni kitu kidogo mbele ya pampu nzima.

Kwetu sisi tuliozungukwa na bahari, upepo wa chumvi huanza na viungo vya waya. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ukishika kutu, taa hufifia, na hata mshale wa mafuta husema uongo. Mara nyingi dawa yake ni msasa na kuukaza upya.

Wazee wetu wa Bandari ya Kale wanalijua jambo hili. Jahazi likivuja, fundi wa kalafati hang'oi mbao zote; huutafuta mwanya penye maji, akaushindilia pamba. Mali ya mtu iliyo mikononi mwa fundi ni amana. Kumbadilishia pampu nzima ilhali ugonjwa ni wa waya, na fundi hakupima, ni kumla mwenzio.

Basi wewe mwenye lori, kabla hujatoa fedha, muulize fundi wako neno moja tu: "Umepima?"